Mlo kamili hauanzii sahanini

Majuma machache yaliyopita nilitoka katika chumba cha daktari mjini Kisumu nikiwa na karatasi mkononi. Daktari alikuwa amenipima damu, akanieleza kwa upole kwamba sukari mwilini mwangu imeanza kupanda na shinikizo la damu nalo linaifuata nyuma. Hakunipa dawa siku hiyo. Alinipa karatasi iliyopigwa chapa, yenye orodha ya vyakula ambavyo mtu wa umri wangu anapaswa kula iwapo anataka kuwaona wajukuu wake wakimaliza shule. Niliisoma njiani. Ilitaja samaki aina ya salmoni, brokoli, matufaha, mafuta ya zeituni na nafaka za kifungua kinywa zinazouzwa katika maboksi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeketi langoni hapa Milimani, mtaa wa miti mirefu na nyumba kubwa, ambamo nimepanga kijumba cha uani tangu nilipostaafu ualimu. Alipita mama mmoja ambaye hupita kila siku akitokea Nyalenda, beseni kichwani, na ndani yake omena waliokaushwa pamoja na mafungu ya mboga: mgagani, mnavu, majani ya kunde na mrenda. Kwa mzaha nikamsomea ile karatasi ya daktari. Aliisikiliza kwa makini, kama mzazi anayesomewa barua ya mwanawe aliye mbali, kisha akaniuliza: "Japuonj, huyo samaki wa kwanza huvuliwa ufuo gani?" Japuonj, kwa wasiojua Kijaluo, ni mwalimu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa maana swali lile lilinirudisha darasani, kwenye kosa nililolitenda takriban miaka thelathini iliyopita.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za mfumo wa 8-4-4, nami nilikuwa nikifundisha Sayansi Kimu katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja jina. Walimu wenzangu wanaukumbuka wimbo wa somo lile: kuna vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu na vyakula vya kulinda mwili. Chati ilining'inia ukutani ikionyesha kuku wa kuokwa, yai, bilauri ya maziwa, mkate na tufaha jekundu. Siku moja niliwaagiza wanafunzi wachore mlo kamili. Msichana mmoja, mwana wa muuza samaki, alichora ugali wa mtama, omena, na chungu cha mgagani uliopikwa kwa maziwa. Nikaitazama picha ile, nikaitazama chati, nikachukua kalamu nyekundu nikaipiga mkasi. Pembeni nikaandika maneno ambayo hadi leo nayaonea haya: "Hiki ni chakula cha nyumbani. Chora mlo kamili."

Msichana yule hakusema neno. Alifuta picha yake, akachora kuku na tufaha, vitu ambavyo nadhani havikuwa vimefika mezani kwao mwaka mzima. Nikampa alama zote.

Leo ninaandika makala haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu nimetambua kwamba karatasi ya daktari ilinifanyia mimi kile nilichomfanyia yule mtoto. Sisemi kwamba karatasi ilikuwa ya uongo, wala kwamba yale makundi matatu ya vyakula ni uzushi. La hasha. Mwili unahitaji kujengwa, kutiwa nguvu na kulindwa, na anayekataa hayo anashindana na maumbile. Kasoro ni kwamba somo letu liliishia ukingoni mwa sahani. Tulimfundisha mtoto kuuliza, "Katika sahani hii kuna nini?" Hatukumfundisha kuuliza kimetoka wapi, kimepitia mikononi mwa nani, kimepikwaje, na katika nyumba ile nani amekula na nani amelala bila kula. Mtu asiyeuliza maswali hayo hawezi kuchagua chakula bora. Ataletewa tu chaguo la mtu mwingine.

Na tuanze na ziwa, maana liko mbele ya macho yetu. Ukisimama kwenye ufuo wa Dunga, mwendo mfupi kutoka hapa Milimani, utaona mashua zikitia nanga na akina mama wakisubiri na mabeseni yao. Katika ziwa hili mliletwa mbuta, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na mamia ya aina za samaki wadogo wa asili, wale tuwaitao fulu, walipungua vibaya au kutoweka kabisa. Viwanda vikajengwa, minofu ya mbuta ikapakiwa katika barafu ikasafirishwa Ulaya. Sisi tulio kando ya ziwa tukabakia na mifupa. Mifupa ile ina jina lake sokoni: mgongo wazi. Ni uti wa mgongo wa samaki uliosalia baada ya mnofu kuchukuliwa, na kichwa chake, ambao hukaangwa na kuuzwa kwa wale wasioweza kununua nyama yenyewe. Kati ya mwaka wa 1997 na 2000, Ulaya ilipofunga milango yake zaidi ya mara moja dhidi ya samaki wa ziwa hili kwa sababu za usafi na sumu, wavuvi wetu waliona jinsi bei ya kitoweo chao inavyoamuliwa na watu wasiowajua.

Mwanafunzi anayesoma kwamba samaki ni chakula cha kujenga mwili anasoma ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba samaki huyo ni bidhaa, na bidhaa humfuata mwenye fedha. Ndiyo maana mwaka wa 2018 kulizuka mabishano makali nchini kuhusu samaki waliogandishwa kutoka China, ambao walikuwa wakiuzwa hadi hapa Kisumu, mji uliolelewa na samaki. Walikuwa wa bei nafuu kuliko wa ziwani. Mama mwenye watoto watano na fedha za kununua samaki wawili hakuwa na nafasi ya kutafakari uzalendo.

Tumtazame sasa omena, ambaye chati yangu haikumtambua. Samaki huyu mdogo, aitwaye dagaa kwingineko, huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja. Kwa sababu hiyo humpa mlaji protini, na juu yake kalsiamu ya mifupa na meno, chuma, zinki na vitamini A. Mnofu mweupe wa mbuta, pamoja na fahari yake yote, hauna mifupa, na kwa hivyo hauwezi kumpa mlaji kalsiamu kwa kiasi kile. Kwa mintarafu ya lishe, basi, picha ya yule msichana ilikuwa bora kuliko chati. Lakini omena naye ana adui. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa huishia katika viwanda vya chakula cha mifugo, hivi kwamba mtoto wa Nyalenda anashindana sokoni na kuku wa biashara. Aidha, kila mwaka kuanzia Aprili mosi hadi Julai 31 uvuvi wa omena husimamishwa ili wazaliane. Ni hatua ya busara, kwa maana asiyepumzisha ziwa leo hatakuwa na cha kuvua kesho. Hata hivyo, nani katika shule zetu amewahi kukaa na wanafunzi wake akawauliza ni nini kitakachochukua nafasi ya omena katika sahani kwa miezi hiyo minne?

Tutoke majini twende shambani. Ugali tunaouita wa asili haukuwa mweupe. Babu zetu wa pande hizi walikula ugali wa mtama na wimbi. Mahindi yaliletwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki na Wareno karne kadhaa zilizopita, lakini katika Nyanza yalitia mizizi kwa kasi wakati wa ukoloni. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, aliyahimiza pamoja na mazao mengine ya kuuza. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na zao lililoweza kupakiwa katika gunia lilikuwa na soko. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka mahindi meupe yasiyochanganyika rangi, na posho ya vibarua ikawa ni unga wa mahindi hayo. Basi rangi ya ugali wetu, ambayo leo tunaitetea kana kwamba tuliahidiwa na mababu, iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na soko.

Liko jambo jingine ambalo walimu watalipenda, ingawa linatuhusu kwa uchungu. Mtama hushambuliwa na ndege kwa sababu punje zake ziko wazi, ilhali mahindi yamefunikwa na maganda. Zamani kazi ya kufukuza ndege shambani ilikuwa ya watoto. Watoto walipokwenda shuleni, ndege walibakia na mtama, na mkulima akachagua zao linalojilinda. Hivyo shule yenyewe, bila kukusudia, ilichangia kuuondoa mtama kwenye chungu. Je, si haki basi kwamba shule isaidie kuurejesha?

Wazee wenzangu watakumbuka ukame wa 1984, tulipoletewa mahindi ya njano kutoka Marekani. Tuliyala kwa aibu. Tuliyaita chakula cha mifugo, na njaa ilipopita tukaapa kutoyarudia. Laiti tungalijua kwamba rangi ile ya njano ina viini ambavyo mwili hugeuza sehemu yake kuwa vitamini A, na kwamba mahindi meupe hayana viini hivyo! Tulidharau kilichotufaa kwa sababu ya rangi yake. Hata sasa tunalipa zaidi kwa unga ulioondolewa kapi na kiini, mahali ambapo vitamini na nyuzinyuzi nyingi hukaa, kwa kuwa ni mweupe na laini. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa pakiti wauongeze vitamini na madini. Ni sheria njema na inaokoa wengi. Lakini tazama mzunguko huo: tunaondoa kwa mashine, kisha tunarudisha kwa sheria, ilhali unga unaosagwa mzima kwenye kinu cha mtaani haukuwa umepoteza sana.

Kuhusu mboga, sina budi kumtaja msomi mmoja ambaye maisha yake ni somo tosha. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizaliwa magharibi mwa Kenya. Utotoni mwili wake haukuweza kustahimili samaki, maziwa wala mayai, ndiyo maana alikuzwa kwa mboga za kienyeji. Chuoni alikuta mboga hizo hizo zikihesabiwa kuwa magugu. Aliamua kuzifanyia utafiti, kwanza akiwa Chuo Kikuu cha Maseno karibu nasi hapa, na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Yeye na wenzake walionyesha kwamba mgagani, mnavu, mchicha na wenzao wamejaa vitamini na madini, na mara nyingi huzipita kabichi tulizofundishwa kuzienzi. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Umoja wa Afrika ya wanasayansi wanawake mwaka wa 2010. Vivyo hivyo, mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa dunia. Kazi hiyo ilianza 2007 kwa kushirikisha jamii ya Waisukha wa Kakamega, na mimea ipatayo 850 ikaorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kilichokuwa cha babu kilikuwa kizuri. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na waliokatazwa ndio waliokuwa wakibeba mimba na kunyonyesha. Huo haukuwa urithi wa kujivunia. Vilevile, akina mama wengi huzichemsha mboga kwa muda mrefu kisha wakamwaga maji, na vitamini C ikamwagika nayo. Na mboga ya kienyeji iliyomwagiliwa kwa maji machafu ya mtaro haitakaswi na ukienyeji wake. Tunachohitaji ni kupima, tuchukue kinachofaa kwa sababu tumekielewa.

Mfano wa kupima ni ile desturi ya kupika mgagani kwa maziwa au siagi ya kienyeji. Nilipokuwa mwalimu niliiona kama njia ya kupunguza uchungu tu. Sayansi inatueleza zaidi: viini vya vitamini A vilivyo katika mboga za majani huingia mwilini vyema zaidi vinapoliwa pamoja na mafuta kidogo. Mama yake yule msichana alilijua hilo kwa mikono yake ingawa hakuwa na jina la kuliita. Kwa upande mwingine, zoea letu la kushushia chakula kwa chai linatudhuru. Chai huzuia mwili kufyonza chuma kilicho katika mboga na nafaka. Afadhali kuisubirisha kwa saa moja hivi baada ya mlo. Badala yake, chungwa au kipande cha papai husaidia chuma hicho kuingia. Elimu ya namna hiyo haigharimu shilingi, na ina faida kuliko orodha ya vyakula vya ng'ambo.

Nimetaja mikono, na hapa lazima nisimame. Samaki anayefika langoni kwangu Milimani amepitia mikononi mwa wanawake. Katika fuo za ziwa letu kuna desturi iitwayo jaboya, ambayo mwandishi huona haya kuitaja gazetini, lakini kuinyamazia ni kuilea. Mvuvi hukubali kumuuzia mwanamke samaki kwa masharti kwamba amlipe pia kwa mwili wake. Desturi hii imeeneza ukimwi na kubomoa nyumba. Mwaka wa 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, katika Ghuba ya Winam, walipata mashua zao wenyewe ili wavuvi wawe waajiriwa wao na wasiwe mabwana wao. Ulikuwa mwanzo wa heshima, ingawa mafuriko ya 2020 yaliwarudisha nyuma kwa kuwafukuza makwao. Ninapomfundisha mwanafunzi kwamba omena ni chakula bora, je, ubora huo unahesabu yale aliyoyapitia aliyemleta? Mimi nadhani unapaswa kuyahesabu.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya ziwa, reli na haki za wanawake yanahusianaje na afya ya mtoto? Jibu nalipata kwa jirani zetu Tanzania. Mapema miaka ya 1980, katika mkoa wa Iringa, ulianzishwa mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukaanzia katika vijiji 168. Wanakijiji walikutana mara kwa mara kuwapima watoto uzito. Mtoto alipoonekana amedhoofika, hawakumwambia mama aende akanunue yai. Walikaa pamoja wakauliza: kwa nini? Na walipopata jibu, wakauliza tena: na hilo nalo, kwa nini?

Mara nyingi waligundua kwamba chakula kilikuwamo nyumbani. Kilichokosekana ni muda. Mama alikuwa shambani kutwa nzima, na mtoto mdogo alikula mara mbili tu kwa siku uji mzito uliojaza tumbo lake dogo kabla haujampa nguvu za kutosha. Basi vijiji vikaanzisha mahali pa kuwalea watoto mchana ili wale mara nyingi zaidi, na akina mama wakahimizwa kutumia unga wa kimea, ambao huulainisha uji bila kuupunguzia nguvu. Katika miaka michache idadi ya watoto waliokuwa na utapiamlo mkali ilishuka kutoka takriban 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Fikra iliyokomaa Iringa ikawa msingi wa mwongozo ambao UNICEF iliutoa kwa dunia nzima mwaka wa 1990: kwamba lishe ya mtoto husimama juu ya nguzo tatu, yaani chakula, malezi, na afya pamoja na mazingira safi. Nguzo moja ikivunjika, mbili haziwezi kumsimamisha.

Hata jina la maradhi ya kwashiakori linatufundisha jambo hilo. Lilitoka katika lugha ya Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyelitambulisha kwa matabibu wa dunia katika miaka ya 1930. Kwa Waga lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto anayeachishwa ziwa la mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wazee wale walitazama familia wakaona mtoto aliyeondolewa mahali pake. Huko ndiko kutazama kwa upana ninakokusema.

Wapo watakaosema kwamba tatizo letu ni umaskini tu, na maskini hana la kuchagua. Wengine watasema kila mtu ajichungie kinywa chake. Ukweli unawakataa wote wawili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kenya walikuwa wamedumaa. Ni afadhali kuliko 26 wa mwaka wa 2014, lakini bado ni wengi mno. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wamezidi uzito unaofaa. Njaa na unene vinaishi katika nchi moja, na wakati mwingine katika nyumba moja. Nao uchunguzi wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibaini kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Kama umaskini peke yake ungekuwa sababu, matajiri wa Milimani wangekuwa salama. Nami nisingepewa karatasi ile, kwa kuwa mshahara wangu, ingawa mdogo, ulinitosha kununua mkate mweupe, soda na nyama choma ya kila mwisho wa mwezi. Na kama ingekuwa ni hiari ya mtu tu, watu 94 kati ya 100 wasingekosea kwa pamoja. Umati unapopotea njia, chunguza njia yenyewe.

Nawaomba walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, tuanze somo la lishe sokoni. Mpeleke mwanafunzi Kibuye akahesabu ni aina ngapi za mboga, nafaka na samaki zinazouzwa, aulize bei ya gorogoro moja ya mtama na ya mahindi, na aulize kila kimoja kimetoka wapi. Atakaporudi darasani atakuwa na chati yake mwenyewe, na haitakuwa na tufaha lisilojulikana.

Pili, tutumie uwanja wa shule. Mnavu na mgagani hukomaa katika majuma machache na huhitaji ardhi ndogo. Chakula cha mchana cha shule, ambacho mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ni chakula chenye hekima kuliko tunavyokisifu, kwa kuwa maharagwe hutoa viini vya protini ambavyo mahindi huvikosa. Kinachokosekana ni majani mabichi machache juu yake. Na tunapomhubiria mtoto kuhusu afya huku kibanda kilicho langoni mwa shule kikimuuzia soda na vibanzi tu, mahubiri yetu ni kelele.

Tatu, na hili ndilo zito, tusimwaibishe mtoto kwa chakula cha kwao. Mtoto akijua kwamba mwalimu anakidharau chungu cha mama yake, atajifunza kukidharau naye. Atakapopata mshahara wake wa kwanza, atanunua kile kilichokuwa kwenye chati.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja tu. Mkiketi kula leo jioni, ulizeni kwa nini, kama walivyouliza watu wa Iringa. Kwa nini ugali wetu ni mweupe? Kwa nini omena ni ghali mwezi huu? Kwa nini mama hula mwisho, na kipande chake ni kidogo? Jibu mojawapo huenda likawafanya msukume sahani yenu kuelekea kwake. Hilo nalo ni somo la lishe, na mtahini hawezi kulitia alama.

Nilimrudia daktari wangu juzi. Nilichukua ile karatasi, na nyuma yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: omena, mgagani, mnavu, kunde, ugali wa mtama na wimbi, maharagwe, papai, na chai isubiri. Aliisoma kimya, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeitoa langoni kwangu, kwa mama wa Nyalenda. Akatabasamu akaomba ainakili. Siwezi kudai kwamba sukari imeshuka, bado tunaipima. Lakini angalau sasa ninajua samaki wangu anavuliwa ufuo gani.

Ama yule msichana, sijui yuko wapi. Ni mwanamke mtu mzima sasa, na labda ana watoto wanaochora milo katika madaftari yao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilimfundisha mtoto kuiacha asili yake akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikampa alama zote kwa kutii. Iwapo anayasoma makala haya, naomba apokee masahihisho yaliyochelewa. Picha yako ya kwanza, binti yangu, ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwalimu.